Gunvor Nyuma ya Kioo

Torkel Hesselgren hapandi lifti bila kukueleza vitufe vyake vimekosewa wapi. Yeye ni mtafiti wa mambo ya mtu na mashine, jina kubwa hapa chuoni, na mimi nimekuwa fundi wa maabara yake kwa miaka sita. Miaka sita nimemtazama akibandika vikaratasi vya rangi ukutani, akirudi nyuma hatua mbili, akiinamisha kichwa na kusema, "Inavutia." Hajapata kuona kitu kisichomvutia, isipokuwa mtu mwenye kazi yake. Nasema haya kwa dharau na sifichi. Anayetaka adabu akasome ripoti yake, ina kurasa mia moja na arobaini na adabu imejaa tele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni inayowapeleka wazee na wagonjwa hospitali, kanisani na saluni ilitaka mashine ya kupokea simu. Mzee apige, aseme anakwenda wapi na saa ngapi, mashine imwandikie gari. Wakati huo simu zilipokelewa na wanawake saba katika chumba kimoja huko chini kwenye kampuni, kila mmoja na hedifoni yake na kikombe chake cha kahawa ambacho ole wako ukikigusa. Mkurugenzi wao, Pontus Wadman, kijana mwenye viatu vyeupe hata theluji ikiwa imefika magotini, alitaka kwanza ajue kama wazee wangekubali kuzungumza na mashine. Hilo ni swali la haki kabisa. Kosa lake ni kwamba alimpelekea Torkel.

Mashine haikuwepo. Kulikuwa na kitu nilichokiunda mimi, kinachoelewa "ndiyo", "hapana" na majina ya mitaa, ukiyatamka kama mtangazaji wa habari. Kwa hiyo tukatumia njia ya siku zote katika kazi yetu, na njia hii haina ubaya mikononi mwa mtu mwaminifu. Unamweka mshiriki chumbani na simu, unamwambia anazungumza na mashine. Ukutani kuna kioo: upande wake anajiona mwenyewe, upande wa pili ni dirisha. Nyuma ya dirisha hilo kakaa mtu, anasikia kila neno, anaandika jibu kwenye kibodi, na sauti baridi ya kompyuta inalisoma. Hapo unajifunza watu watasemaje na mashine kabla hujapoteza miaka mitatu kuiunda. Ukimaliza, kabla mshiriki hajavaa koti, unafungua mlango na kumwonyesha nani alikuwa nyuma. Hiyo ndiyo sheria. Umemdanganya saa nzima, basi unamwambia ukweli angali kwenye kiti.

Mtu wa nyuma ya kioo tulimpata kwenye kile chumba cha simu. Gunvor Edlund alikuwa na miaka sitini na mmoja, thelathini na mmoja kati ya hiyo akipokea simu. Pontus alitia saini karatasi ya kumwazima nusu siku bila kuisoma, na karatasi ilisema tu "mshauri wa majina ya mitaa". Gunvor naye alitia saini yake, kwamba hatatoa siri ya utafiti kwa mtu yeyote mpaka utafiti utakapokwisha. Alivua viatu, akavaa soksi za sufu alizozisuka mwenyewe, akajiweka mbele ya kibodi. Siku ya kwanza aliionyesha kompyuta kwa kidevu, akaniuliza, "Niandike kama mimi au kama kopo?"

"Kama kopo," nikamwambia.

"Haya. Kopo lenye akili au kopo la kawaida?"

Torkel alicheka sana, akaandika maneno hayo kwenye kikaratasi cha manjano, akakibandika ukutani.

Washiriki walikuwa ishirini na wanne. Pontus akaomba awe mmoja wao, eti kiongozi lazima aonje chakula anachowapa watu. Akawa mshiriki wa kumi na saba. Alikaa, akavuka miguu, akapiga simu huku akijitazama kwenye kioo na kujirekebisha nywele. Mimi na Gunvor tulikuwa upande wa pili, hatua mbili kutoka puani mwake.

"Nataka gari la mama yangu," alisema kwa sauti ya kumkomesha mtoto. "Ebba Wadman, mtaa wa Kvarngatan. Alhamisi, saa nne asubuhi, kliniki ya macho."

Vidole vya Gunvor vikapita kwenye kibodi mara moja. Ile sauti baridi ikasema: "Gari limeandikwa. Lifti ya jengo hilo imeharibika tangu Jumanne. Je, dereva apande ghorofa ya tatu amsaidie kushuka?"

Pontus akaitoa simu sikioni, akaitazama.

"Imejuaje?"

Huku nyuma Gunvor alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Mama yake kanipigia mara tatu wiki hii," alininong'oneza. "Kila siku lifti, lifti. Mwanawe hana habari. Muone alivyotoa macho!"

Nilicheka pia. Nilingoja Torkel afungue mlango kama ilivyo sheria, Pontus aone haya kidogo, tunywe kahawa na mikate ya mdalasini, yaishe. Torkel akaingia, akamwekea Pontus mkono begani.

"Mfumo unasoma mazingira," akasema.

Basi. Maneno matatu, na mlango haukufunguliwa. Nilipomuuliza baadaye kwenye chumba cha kahawa alikuwa anajaza dodoso la mshiriki wa kumi na nane, na hakuinua kichwa.

"Torkel, Pontus tunamfungulia lini?"

"Tusiharakishe, Disa. Kuna raundi ya pili. Huu mji ni mdogo, wataambiana."

"Lakini yule si mshiriki tu. Yule ndiye mteja. Kesho ataamka aiagize."

"Mteja naye ni sehemu ya uwanja wa utafiti," akasema. "Inavutia, kwa kweli. Tunaona imani inavyozaliwa."

Huyo ndiye Torkel. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza moshi unakufanya ujisikieje. Na mimi je? Nilimaliza kahawa yangu, nikaosha kikombe, nikarudi kazini. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, husainiwa upya kila Januari, na anayeusaini ni yeye. Nilijiambia kwamba mtu mzima hagombani kwa ajili ya mlango.

Ripoti ikatoka mwezi wa Novemba. "Mfumo uliwaelewa washiriki katika simu tisini na saba kati ya mia." Wazee walisema mfumo ni mvumilivu, haupandishi sauti, hauwaharakishi. Ukurasa wa mia na kumi na mbili, chini kabisa, kwa herufi ndogo za kumpofusha mtu, paliandikwa kwamba mfumo "uliigizwa kwa sehemu". Kwa sehemu! Jina la Gunvor halikuwepo popote. Pontus alisoma ukurasa wa kwanza na picha, akaandika barua kwa wanawake wote saba: bodi itakutana tarehe kumi na nne Desemba kupitisha ununuzi wa mashine, na chumba cha simu kitafungwa mwanzoni mwa Machi.

Gunvor alikuja na hiyo barua maabara. Hakupiga kelele, huku kwetu kaskazini, Norrland, watu hawapigi kelele. Aliiweka juu ya kibodi.

"Nisaidie kusoma hapa, mwanangu. Macho yangu yanadhani yameona kwamba nafasi yangu inachukuliwa na mimi."

"Yameona sawasawa."

"Tisini na saba kati ya mia," akasema. "Miaka yote ile hakuna bosi aliyenipa alama. Nimekuja kupewa alama nikiwa kopo, na kwa alama hizo nafukuzwa."

"Waambie," nikasema. "Nenda kwa Pontus umwambie."

"Nimwambie nini? Nimetia saini. Na hata nisingetia. Mimi nikisema, ni mama mtu mzima anayelilia kitumbua chake. Wewe ukisema, ni sayansi." Akanikazia macho. "Wanawake saba, Disa. Britt-Mari ana mume wa kitandani. Hilja kabakiza miaka miwili apumzike. Wewe unajua, na una mdomo."

"Nitasema," nikamwambia. "Siku ya bodi, mbele ya wote. Nitasema kile si mashine, ni wewe."

"Kweli?"

"Kweli."

Wiki tatu nilifanya mazoezi ya sentensi ile. Niliisema bafuni, niliisema nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Ilikuwa sentensi fupi na nzuri, na kila nilipoisema nilijiona mtu wa maana sana, mara kumi kuliko Torkel. Kumdharau mtu kuna utamu wake, unashiba kabla hujafanya lolote.

Siku ikafika. Bodi ilikuja maabara kuiona mashine kwa macho, kwa maana Torkel alikuwa amewaahidi onyesho. Alimwomba Gunvor aje akae nyuma ya kioo mara moja ya mwisho. "Kwa ajili ya timu," alimwambia, mwanamume mzima, bila hata kupepesa macho. Na Gunvor akaja. Nilidhani anakuja kwa sababu ya ahadi yangu. Akavua viatu, akavaa soksi zake, akakaa.

Walikuwa wanabodi watano, na mwenyekiti wao Ragna Thulin, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado huhesabu vichwa akiingia chumbani. Waliketi kwa mstari. Torkel akasimama mbele yao na kupiga domo dakika ishirini juu ya imani, na mazungumzo, na mustakabali. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na Gunvor. Tulikuwa tumekubaliana kwamba onyesho likiisha nitatoka nami niseme.

"Pontus, karibu," alisema Torkel. "Jaribu chochote."

Pontus akapiga. Akawakonyeza wanabodi.

"Habari yako! Nataka gari la mama yangu, Kvarngatan, kesho saa tano, kwa daktari wa meno."

Nilimtazama Gunvor. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Andika," nikamnong'oneza.

"Mashine si ipo?" akasema. "Iache ifanye kazi."

Kumbe alikuwa ameng'amua kitu ambacho mimi, fundi mwenyewe, nilikisahau: mtu wa nyuma asipoandika kwa sekunde kumi, kile kitu changu kinajibu chenyewe. Kikajibu.

"Samahani. Sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Pontus akacheka, akarudia, taratibu.

"Umesema: makaburini," likasema kopo langu. "Je, unahitaji gari la kurudi?"

Mwanabodi mmoja alikohoa. Pontus akawa mwekundu mpaka masikioni. "Daktari wa meno!" akapaza sauti. "Meno! Mama yangu!"

"Gari la makaburini limeandikwa. Abiria mmoja. Bila kurudi. Asante."

Torkel alitabasamu, akasema hii ndiyo faida ya onyesho la moja kwa moja. Akatabasamu tena. Halafu jasho likamtoka, akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa fani nyingine duniani angelifanya: akakiendea kioo. Kutoka upande ule huwezi kuona chochote ila wewe mwenyewe, na yeye alijua hilo kuliko sote. Akaukaribia uso wake mwenyewe mpaka akautia ukungu kwa pumzi, akagonga kwa kidole.

"Gunvor!" akasema kwa sauti ya chini. "Gunvor, andika, jamani! Andika!"

Wanabodi watano walikaa wakimtazama mtafiti mashuhuri akiibembeleza sura yake. Sikumbuki furaha nyingine kama hiyo katika miaka yangu sita. Gunvor hakucheka. Alikuwa anamtazama kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara vibaya.

Ragna Thulin ndiye aliyenyanyuka na kuufungua mlango. Akamkuta mwanamke wa soksi za sufu na kibodi, na mimi nimesimama pembeni nimeshika daftari.

"Na wewe nani?" akauliza.

"Gunvor Edlund, wa chumba cha simu."

"Gunvor wetu?" Pontus alikuwa amekuja nyuma ya mwenyekiti. "Unafanya nini huku?"

"Nafanya mashine. Tangu mwezi wa tisa. Ile habari ya lifti ya mama yako nilikuambia mimi."

Ragna akamgeukia Torkel. "Kwa hiyo mashine hakuna?"

"Mashine ipo," alisema Torkel, "kwa maana ya dhana."

"Kwa maana ya dhana," Ragna akarudia, na nadhani shuleni kwake maneno kama hayo yalimtoa mtu akasimame nje ya darasa.

Nilijua huu ndio wakati. Hata sentensi yangu sikuihitaji tena, ilikuwa imekwisha kujisema, kilichobaki ni kuongeza tu: rudisheni barua zenu, waacheni wanawake hawa na kazi yao. Nikafungua mdomo. Lakini Pontus, ambaye, viatu vyeupe visikudanganye, haoni aibu kwa zaidi ya nusu dakika, alinitangulia.

"Ngojeni. Wazee waliipenda, siyo? Hizo takwimu ni za kweli?"

"Kweli tupu," akasema Torkel, amefufuka ghafla. "Imani ilikuwa juu sana. Juu kuliko wanapozungumza na mtu."

"Basi kuna ubaya gani? Ununuzi hatuhitaji. Watu tunao. Wakae nyuma, waandike, sauti iwe ya mashine. Kwa kuandika mtu mmoja anaweza kushika simu mbili kwa wakati mmoja. Wanne wanatosha." Akamgeukia Gunvor kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. "Na wewe ndiye wa kwanza, Gunvor. Wewe ndiye bora."

Wanabodi walianza kutikisa vichwa kukubali, polepole, kila mmoja akimchungulia jirani yake kama anatikisa. Ndivyo tunavyoamua mambo huku. Hakuna kura, hakuna ubishi, vichwa vinatikisika mpaka vikubaliane, na asiyekubali husema "tutaangalia".

"Hapana," akasema Gunvor.

Vichwa vikasimama.

"Samahani?" akasema Pontus.

"Hapana. Watu wananiita kwa jina langu. Wengine mimi ndiye mtu pekee wanayezungumza naye tangu asubuhi mpaka asubuhi. Sitakaa gizani nijifanye kopo ili waone haya kuniambia mwana wao hajaja. Na watatu mtakaowafukuza mtawafukuza kwa vidole vyangu. Hapana."

"Lakini ni kazi, Gunvor," akasema Pontus. "Usipoitaka..."

"Nimesikia."

Ragna akanitazama mimi. Sauti yake ilikuwa ya upole. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kutokea, na alitaka nimpe mimi.

"Wewe ndiye fundi. Disa, siyo? Niambie ukweli. Kazi hii anayoifanya Gunvor, mtu mwingine anaweza kufundishwa? Au ni yeye tu?"

Torkel alikuwa nyuma yake. Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na nikakumbuka kwamba tulikuwa katikati ya Desemba, na mkataba wangu ulingoja saini yake Januari. Niseme ukweli wangu: jibu nililijua. Tisini na saba ile haikuwa ya mfumo, wala ya njia yetu, wala ya mtu yeyote atakayewekwa kwenye kiti kile. Ilikuwa ya Gunvor. Neno moja tu, "yeye", na jambo lote lingeanguka pale pale miguuni mwa mwenyekiti aliyekuwa anangoja lianguke.

"Anaweza kufundishwa," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

Vichwa vikaanza kutikisika tena. Pontus akasema safi kabisa. Torkel akavaa miwani yake, akasema inavutia.

Gunvor aliinama, akavua soksi moja, halafu ya pili, akazikunja pamoja na kuzitia mkobani. Alivaa viatu bila haraka. Aliponipita mlangoni alisimama, na hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo.

"Wiki mbili," akasema. "Mimi ilinichukua miaka kumi na moja, mwanangu."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata. Ragna akatazama saa yake, na mwanabodi mmoja, yule aliyekohoa, akauliza kama kahawa bado ipo.

Nikaenda kuichemsha.